Mkono Haujafika Sikioni

Haya niliambiwa na Mkunde, mjukuu wangu kwa binti yangu, Jumamosi ile ya kwanza baada ya shule kufunguliwa. Alikuja kunisaidia kupukuchua maharage, lakini hakupukuchua. Alishika ganda moja mkononi tangu tulipoanza mpaka tukamaliza. Sikumhimiza. Mtu akishika ganda namna ile ana neno, na neno ukilivuta linakatika. Nikangoja, likaja lenyewe, nami naliandika kama lilivyokuja.

Siku ya kumpeleka mtoto kuandikishwa darasa la kwanza, aliyemwogesha ni Mama Hiza, mama mkwe wake Mkunde. Alimsugua mpaka mtoto akalalamika. Akampaka mafuta miguuni, akamwinamia.

"Haya, mke mwenzangu. Ukiulizwa jina utasema nani?"

"Zaina."

"Na Sijali?"

"Sijali ni wa nyumbani."

"Hewala. Huko usimtaje kabisa."

Mtoto akafikiri. "Sasa Sijali atabaki na nani?"

Mama Hiza akacheka, akampiga kikofi cha mgongo. Mkunde hakucheka.

Maana Zaina alikuwa mwingine. Zaina ndiye mtoto wa kwanza wa Mkunde. Alipozaliwa, nesi alimvisha bangili kama wanavyovishwa watoto wote wa milima hii siku hizi. Ni kitu laini, kinakua na mkono. Kinasikiliza moyo wa mtoto, na kila anachosikia yeye nacho kinasikia: akianguka kinajua, akicheka kinajua. Yote hayo yanapita kwenye mnara mpaka kwenye kioo cha shule, na huko ndani kioo kinamjenga pacha wake. Pacha hana mwili. Ana sura na sauti, na anakua siku kwa siku na mtoto. Shule humtia darasani huyo pacha wakati mtoto mwenyewe hajui hata kufunga kamba ya kiatu, ili mwalimu ajue mapema huyu ataelewa nini na atashindwa wapi.

Pacha akitimiza miaka saba, kioo kinamwita mtoto. Kinaita mara moja. Usipokwenda, dawati anapewa mwingine. Kuna kijana kule juu aliitwa wakati nyumba nzima iko matangani. Leo ana ndevu, na akienda zahanati anaulizwa, "Wewe ni nani?" Anataja jina, wanamwambia jina hilo halina mtu.

Basi Zaina alipatwa na homa mwaka ule wa mvua zilizoangusha mnara. Ndiyo kwanza alikuwa amesimama dede na kupiga hatua. Mkono ulivimba, wakamvua bangili. Akafa. Mnara ulikuwa chini, kioo hakikujua. Na Mkunde alikuwa na mimba changa.

Mama Hiza aliichukua ile bangili akaitia kwenye kopo la majani ya chai, akafunika. Akakataza mtu yeyote asiende kuripoti. Mimba ilipotimia akamzalisha mkwewe kwa mikono yake mwenyewe, bila nesi.

"Wa kwanza tulimhesabu," alisema. "Tulimpiga picha, tukamwandikisha, akachukuliwa. Huyu asihesabiwe."

Wazee wetu hawakuwa wakihesabu watoto. Ukimwuliza mtu una wangapi, anakujibu, "Wapo." Mama Hiza ameshika hilo. Akafungua kopo, akatoa bangili ya marehemu, akamvisha kichanga, ili isionekane kuwa kuna mtoto mpya. Akamwita Sijali, mauti yakipita yasijali. Mnara uliposimamishwa tena, kioo kikasikia moyo unapiga kwenye bangili ya Zaina, kikaridhika. Hiza, mumewe Mkunde, yuko Handeni kwenye mitambo ya jua. Alipoambiwa alinyamaza tu. Mama amesema, yeye aseme nini?

Ndiyo maana mwaka huu kioo kilipoita, kilimwita Zaina wa miaka saba. Akaenda Sijali, ambaye saba hajaikaribia.

*

Nje ya chumba cha kuandikisha kulikuwa na benchi. Mkunde alikaa karibu na baba mmoja mnene aliyempakata mwanawe.

"Mwenzio nina kizaazaa," yule baba akasema. "Pacha wa huyu eti anasoma gazeti. Mwenyewe jana kavaa suruali, miguu miwili tundu moja."

"Baba!" mtoto akasema.

"Nimesema uongo?"

Watu wakacheka. Mkunde naye akacheka kidogo, akaona pengine mambo yatapita. Wakaitwa.

Ndani alikuwapo Mwalimu Kaniki, mtu wa mvi, na ukutani kioo kikubwa kama mlango. Mwalimu akauliza jina.

"Zaina," akasema Sijali, vizuri kabisa, kama alivyofundishwa.

Kioo kikawaka. Ndani yake akasimama msichana mwenye sare, nywele zimesukwa twende kilioni, jicho la kushoto lina makengeza kidogo.

Mkunde aliniambia, "Bibi, nilitazama lile jicho tu."

Yale makengeza yalikuwa ya Zaina. Sijali hana. Alipozaliwa Zaina walisema yataondoka akikua, na hapo mbele ya macho ya mama yake alikuwa amekua, na hayakuondoka. Alikuwa amerefuka. Alikuwa na pengo la meno ya mbele, kama mtoto yeyote wa umri huo.

"Shikamoo, mama," akasema.

Zaina alikufa akijua maneno mawili, "mama" na "taa". Mkunde hakuwahi kuisikia sauti ile ikitamka la tatu. Akajikuta amekwisha kuitika, "Marahaba."

Mwalimu Kaniki hakuona kitu. Yeye ana mazoea yake ya kizamani. Baba yake aliandikishwa shule kwa kupimwa mkono, na yeye mwenyewe pia, hivyo kila mtoto anayeingia pale lazima ampime, hata kama kioo kimekwisha kusema umri.

"Haya, binti. Pitisha mkono juu ya kichwa, shika sikio la upande wa pili."

Sijali akainua mkono wa kushoto, akaupitisha utosini. Vidole vikaishia kwenye nywele. Akainamisha kichwa.

"Usiinamishe. Kichwa wima."

Akajaribu tena, ulimi nje. Sikio liko kule, vidole viko huku.

Pacha alidhani ameambiwa yeye. Akainua mkono wa kulia, akashika sikio lote, akalivuta na kutabasamu.

Mwalimu akatazama kioo, akamtazama mtoto. Akaenda kufunga mlango.

"Mama Zaina, mtoto huyu ana miaka mingapi?"

"Iko hapo kwenye kioo, mwalimu."

"Ya kwenye kioo nimeiona. Namwulizia huyu mwenye makamasi."

Mkunde akamfuta mtoto makamasi kwa ncha ya kanga. Na hapo ndipo yule wa kwenye kioo aliposema:

"Mama, lile giza lilikuwa la nini?"

"Giza gani?"

"Lile la ndani ya bati. Nilisema taa, taa. Hukuwasha. Nikaita sana. Halafu nikawa mdogo tena, na nilikuwa nimeshajua kutembea."

Mkunde alipofika hapa ganda lilimponyoka mkononi, akaliokota. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeacha kupukuchua.

Mwalimu alimweleza, naye akanieleza. Mnara uliposimama, bangili ilipeleka yote iliyokuwa imesikia wakati mnara uko chini. Bangili ikiwa haina mkono, kioo hakisikii mtoto, lakini hakiachi kujenga. Kinakisia. Kilichukua mtoto wa mwaka mmoja aliyeanza kutembea, kikasikia kimya, bati na harufu ya majani ya chai, kikakisia maisha yake mle ndani ya kopo, siku baada ya siku. Kisha ghafla ukaja moyo wa kichanga. Kioo kikaona mtoto amerudi nyuma kwa ugonjwa, kikaendelea naye hivyohivyo. Wawili kikawafanya mmoja.

"Ni hesabu tu, Mama Zaina," mwalimu akasema. "Mashine imefanya hesabu. Si mtu huyo."

Lakini alisema akiwa amekigeuzia kioo mgongo.

*

Mwalimu akabonyeza mahali, kioo kikawa hakisikii. Pacha akabaki amesimama anawatazama, anangoja.

"Niambie tu," mwalimu akasema. "Mwenye bangili alikufa?"

Mkunde akatikisa kichwa kukubali.

"Na huyu ni mdogo wake."

"Ndiyo."

Mwalimu akajifuta uso. "Sikiliza. Mkono haukufika, lakini mimi sijaona. Nimezeeka, macho yana ukungu. Mtoto akiweka kiganja kwenye kioo, wakaunganishwa, ana dawati leo hii. Atakuwa Zaina mpaka anazeeka, basi. Si wa kwanza."

"Na yule?"

"Yupo mpaka huyu atakapomaliza la saba. Atakua. Wazazi wanaruhusiwa kuja kumwona kila Ijumaa."

Mkunde anasema neno hilo, Ijumaa, lilimwingia kama uji wa moto kwa mwenye njaa. Aliziona Ijumaa zote zimepangana mbele yake. Angemwona anaota meno. Angemwona anavunja ungo.

"Na nikisema ukweli?"

"Pacha wa marehemu anazimwa palepale. Ndiyo amri. Zamani waliwaacha, watu wakawa wanakuja kulala hapa sakafuni, mbele ya kioo. Mashamba yakaota magugu." Akamtazama Sijali. "Na huyu kioo hakimjui. Atavishwa bangili mpya, aanze moja. Dawati la mwaka huu linakwenda. Kitamwita lini, au kama kitamwita, mimi sina mamlaka ya kukuahidi."

Nje yule baba mnene alikuwa akiimba ili mwanawe asilie njaa.

"Waunganishe," Mkunde akasema.

Msimlaumu. Mimi sikumlaumu. Mama aliyezika, aambiwe chukua wote wawili, aseme sitaki?

Mwalimu akafungua sauti ya kioo. Mkunde akamshika Sijali kiwiko, akamwekea kiganja kwenye kioo, na pacha akaweka chake upande wa pili, viganja vikakutana. Ikatoka sauti nyingine, ya mwanamke, ya upole kabisa.

"Mtoto yuko nyuma ya pacha wake. Atarekebishwa. Anatumia mkono wa kushoto, utarekebishwa. Anacheka akigombezwa, itarekebishwa. Haogopi kuku, itarekebishwa."

"Ngoja," Mkunde akasema. "Haogopi kuku, itarekebishwa vipi?"

"Pacha anaogopa kuku," mwalimu akasema. "Lazima walingane ndipo masomo yashike. Wakitofautiana, masomo hayaingii."

"Kwa hiyo atafundishwa kuogopa kuku?"

"Kidogo kidogo. Haumii."

Sasa, mnajua Zaina aliogopa kuku kwa nini? Siku alipopiga hatua yake ya kwanza ya kweli, alimwendea mtetea mwenye vifaranga, akadonolewa shavuni. Alilia mpaka sauti ikakauka. Siku ile iliyobaki Mkunde alishinda amembeba. Hofu ile ilikuwa ya Zaina mwenyewe, aliyoipata kwa miguu yake, na baada ya wiki chache akazikwa nayo. Na huyu Sijali analala na vifaranga kwenye gauni. Jogoo wa Mama Hiza, anayefukuza hata wageni, yeye humbeba kwapani kama pochi.

Sijali alikuwa ameondoa kiganja chake kwenye kioo. Alikuwa akimtazama yule msichana.

"Mama, huyu ndiye Zaina?"

"Ndiye."

"Na Sijali yuko nyumbani?"

Mkunde akamshika mkono.

"Basi hapa mimi ni nani?"

Aliuliza tu, hakulia. Angelia, pengine Mkunde angembembeleza na mambo yakaendelea. Lakini aliuliza akiwa ameinua uso anangoja jibu, na mwenzake ndani ya kioo naye ameinua uso hivyohivyo, anangoja jibu lilelile.

Mkunde akapiga magoti. Alisema kwa sauti, kioo kisikie.

"Wewe ni Sijali. Huyu ni dada yako Zaina. Dada yako alikufa kwa homa mwaka wa mvua, wewe uko tumboni. Mwalimu, andika. Mtoto huyu ni wangu wa pili."

Ile sauti ya upole ikasema, "Nimesikia. Pacha wa marehemu atazimwa."

"Mwalimu!" Mkunde akapiga kelele. "Mwalimu, nakuomba. Nimwimbie kwanza."

Mwalimu Kaniki akaweka kidole mahali kwenye kioo, akakishikilia pale. "Nikiachia tu, ndiyo basi," akasema. "Imba, mama."

Ulikuwapo wimbo aliomwimbia Zaina, wa kutunga mwenyewe kwa sababu mtoto alipenda taa. Tangu mazishi hakuutia mdomoni tena. Sijali hakuwahi kuusikia. Akaanza, na sauti ikakataa, akaanza upya.

*Lala taa, lala jiko,*
*mafiga yamelala,*
*lala nawe, mwana wa mama,*
*kesho ina mwanga wake.*

Yule wa kwenye kioo akakaa chini, akakunja miguu ndani ya sketi. Alikuwa anaujua. Midomo yake ilifuata maneno. Jicho lenye makengeza ndilo lililotangulia kusinzia, kama zamani.

"Mama," akasema, macho yameshafumba. "Msizime taa."

"Lala. Niko hapa."

Akaimba tena na tena, mpaka mwalimu akaushikilia mkono wake kwa mkono wa pili. Mtoto alilala. Mwalimu akaachia kidole.

Kioo kikawa kitupu. Lakini mwalimu hakukizima. Alikiacha kinawaka cheupe, na mpaka Mkunde anatoka pale kilikuwa kinawaka. Mlangoni mwalimu alimgusa Sijali utosini.

"Siku mkono huu ukifika sikioni, mlete. Kioo kikimwita, sawa. Kisipomwita, mlete vilevile, nitamkalisha hata kwenye meza yangu."

Nilimwuliza Mkunde, "Wewe waonaje, ilikuwa hesabu au alikuwa mtu?"

Akasema, "Bibi, hesabu inaogopa giza?"

Darasa nililofikia mimi hawakutufundisha hayo.

*

Mama Hiza alikuwa amewapikia ubwabwa kwa kusherehekea. Alitoka na mwiko mkononi.

"Tumepata dawati?"

"Hatukupata, mama."

Mkunde akamweleza palepale uani, amesimama, bila kumficha hata moja. Alipofika kwenye lile kopo, Mama Hiza akakaa kizingitini. Mwiko ukaanguka, kuku wakauendea.

"Aliita?" akauliza.

"Aliita."

"Na mimi nilikuwa nalifungua kila asubuhi," Mama Hiza akasema. "Nachota majani. Nasukuma bangili pembeni, nachota majani, nafunika."

Hakula. Jioni ilipoingia alikuwa bado amekaa pale. Sijali alikula ubwabwa wa watu wawili, akamwonyesha bibi yake bangili mpya aliyovishwa shuleni, akasinzia kwenye mkeka na kifaranga ndani ya gauni. Usingizini mkono wake wa kushoto ulipanda, ukapita juu ya utosi, vidole vikawa vinatafuta.

Mama Hiza akaja akachutama karibu naye. Akaanza kunena, taratibu, kama mtu anayepima kwa kidole kama maji ni ya moto.

"Zaina. Mmoja."

Akangoja. Hakuna kilichotokea. Kifaranga kililia kidogo, kikanyamaza.

"Sijali. Wawili." Akamgeukia mkwewe. "Tunao wawili, Mkunde."

"Tunao wawili, mama."

Akalala palepale kwenye mkeka, na nguo zake za mchana, mkono juu ya tumbo la mjukuu. Mkunde alifunga mlango, akaondoa vyombo, akaifikia taa. Aliishika. Kisha akairudisha mahali pake, ikiwaka, akajinyoosha upande wa pili wa mtoto, akalala.